Risasi ya mbali, mnyama wa karibu: Funzo kutoka tambarare za Malili na Kapiti

MSAFIRI anayetoka Nairobi kuelekea Mombasa hufika eneo la Malili, Kaunti ya Makueni, baada ya mwendo wa takriban kilomita 60. Hapo huona ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, unaoinuliwa katika ekari 5,000 zilizonunuliwa na serikali mnamo 2009 kutoka kwa wenye shamba la Malili.

Ng'ambo ya majengo hayo yametanda majani ya tambarare za Kapiti, ambako punda milia, kongoni na swala wangali wanalisha pamoja na ng'ombe wa wafugaji.

Wachache wanaopita hapo hukumbuka kwamba, zaidi ya karne moja iliyopita, nyika hii ilikuwa miongoni mwa mawindo mashuhuri zaidi duniani. Ni katika kituo cha reli cha Kapiti ambako Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, aliteremka kwenye garimoshi mnamo Aprili 1909 na kuanza safari yake ya uwindaji. Ni katika nyika hiyo hiyo pia ambako Mwingereza George Grey, nduguye Edward Grey aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alishambuliwa na simba mwanzoni mwa 1911, akapata majeraha yaliyomuua.

Kilichowatenganisha wawili hao hakikuwa bahati peke yake. Roosevelt alibeba bunduki za aina tatu, kila moja kwa kazi yake. Grey alikabili simba wa karibu kwa risasi iliyoundwa kwa shabaha ya mbali.

Swali lililoamua maisha ya Grey ndilo swali kuu la uwindaji wa wanyama wakubwa hadi leo: ni risasi gani inayomfaa mnyama gani, na katika umbali upi?

Swali bado lipo

Nchini Kenya, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mnamo Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikadumisha marufuku hayo. Mkazi wa Malili hana ruhusa ya kuwinda hata swala anayekula mimea yake.

Hata hivyo, swali lenyewe halikufutwa pamoja na leseni. Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huitwa kukabiliana na nyati au ndovu aliyevamia vijiji na kuhatarisha maisha, na mara nyingine hulazimika kumuua. Katika nchi jirani ya Tanzania, uwindaji wa kulipia unaendeshwa kisheria. Nchini Uganda ulirejeshwa kwa majaribio mnamo 2001, kandokando ya Ziwa Mburo.

Kosa la kuchagua risasi halimwangukii aliyefyatua peke yake. Nyati aliyejeruhiwa bila kuuawa hujificha kichakani akiwa na maumivu na hasira. Anayekutana naye keshoye si mwindaji mwenye bunduki, bali ni mchungaji, mtoto anayekwenda shule au mama anayetafuta kuni.

Sheria ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori. Fidia hiyo, hata ikilipwa kwa wakati, haimrudishi aliyekwenda.

Uzito, kasi na umbo

Wataalamu wa silaha hutathmini risasi kwa mambo matatu: uzito wake, kasi yake inapotoka kwenye mtutu, na namna ilivyoundwa.

Uzito na kasi kwa pamoja huzaa nishati, ambayo hupimwa kwa kipimo cha jouli. Nishati hupanda upesi zaidi kasi inapoongezeka kuliko uzito unapoongezeka. Risasi ikizidishiwa uzito maradufu, nishati yake huwa maradufu. Ikizidishiwa kasi maradufu, nishati hupanda mara nne.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowavutia watengenezaji wengi wa mwanzoni mwa karne ya 20 kuunda risasi nyepesi zenye kasi kubwa. Bunduki ya Ross yenye alama ya .280, iliyotengenezwa Canada, ilikuwa mfano bora wa fikra hizo. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu tisa hivi na kasi iliyokaribia mita 900 kwa sekunde. Katika mashindano ya kulenga shabaha za mbali ilisifika mno.

Tatizo ni kwamba nishati husema tu kiasi cha nguvu kilichobebwa. Haisemi nguvu hiyo itatuliwa wapi: juu ya ngozi, ndani ya msuli wa bega, au kwenye moyo na mapafu. Jambo hilo huamuliwa na umbo na uimara wa risasi.

Kilichompata George Grey

Grey hakuwa mgeni wa silaha wala wa Afrika. Alikuwa ameishi miaka mingi kusini mwa bara hili. Siku ya mkasa alikuwa pamoja na Alfred Pease, mwenye shamba la Kitanga upande wa Machakos, ambaye miaka miwili awali alikuwa mwenyeji wa Roosevelt.

Wawindaji hao walikuwa wakifukuza simba kwa farasi, mtindo uliopendwa sana katika nyika hizo zisizo na miti mingi. Grey alimkaribia mno simba. Simba akageuka na kumjia.

Grey hakukimbia. Alisimama imara akafyatua bunduki yake ya Ross simba akiwa hatua chache tu mbele yake. Hakukosa shabaha, lakini simba hakusimama. Wenzake walilazimika kumuua mnyama huyo akiwa tayari juu ya Grey. Alifariki siku chache baadaye jijini Nairobi, mnamo Februari 1911.

Ili kuelewa kilichotendeka, ni lazima kuachana na dhana ambayo wengi huwa nayo, kwamba mnyama aliye karibu ni rahisi kuuawa na risasi yoyote kwa kuwa nguvu bado ni nyingi.

Ukweli ni kinyume. Risasi inapotoka kwenye mtutu huwa na kasi yake yote. Hewa huipunguza kasi kadiri inavyosafiri. Risasi nyepesi iliyoundwa ipanuke ikimgonga mnyama wa mita 250, baada ya kupungua kasi, hupanuka kwa kiasi na kupenya vyema. Risasi hiyo hiyo ikimgonga mnyama wa mita 15, huwa bado na kasi yote. Hupasuka vipande vipande kwenye msuli na mfupa wa kwanza. Jeraha huwa pana na la kutisha kwa macho, lakini halifiki kwenye viungo vinavyoshikilia uhai.

Kwa maneno mengine, umbali mfupi ndio mtihani mgumu zaidi kwa risasi, si umbali mrefu. Tena, mnyama anayemjia mtu huwa ametanguliza kichwa, kifua na mabega, yaani sehemu zake zenye mifupa na misuli minene.

Bunduki tatu za Roosevelt

Safari ya Roosevelt yaonyesha jibu ambalo wawindaji wazoefu wa enzi hiyo walikuwa wamelifikia.

Bunduki yake ya kwanza ilikuwa Springfield ya kipenyo cha milimita 7.62. Hiyo ilikuwa na risasi nyepesi yenye mwendo wa kasi, nayo ilifaa swala, kongoni na nyumbu katika nyika tupu kama Kapiti, mahali ambapo mnyama humwona mtu akiwa mbali na kukimbia.

Ya pili ilikuwa Winchester yenye alama ya .405. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 19 na kasi ya takriban mita 670 kwa sekunde. Hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi kwa simba.

Ya tatu ilikuwa bunduki ya mitutu miwili kutoka kampuni ya Holland & Holland ya London, aliyotunukiwa na watu waliomstahi Uingereza. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 31 hivi. Hiyo ilitengwa kwa ndovu, kifaru na nyati.

Mwenye kulinganisha Winchester ya Roosevelt na Ross ya Grey atashangaa. Nishati ya risasi zao haikutofautiana sana, kwani zote mbili zilikaribia jouli 4,000. Tofauti ni kwamba moja ilipata nishati yake kutokana na uzito, nyingine kutokana na kasi. Risasi nzito ya mwendo wa wastani haipasuki upesi, na ikishaanza kupenya haizuiliki kwa urahisi.

Si kwamba Roosevelt alikuwa mlengaji hodari. Macho yake yalikuwa mabovu na alitegemea miwani. Lakini alikuwa na silaha iliyolingana na mnyama aliyekuwa mbele yake, pamoja na wawindaji stadi kando yake. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Mizoga mingi ilitayarishwa na kupelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Idadi hiyo, ambayo leo ingewashtua wengi, inasaidia kueleza kwa nini nyika ambayo zamani ilijaa vifaru sasa haina hata mmoja.

Risasi laini na risasi ngumu

Neno risasi katika Kiswahili hutaja madini na pia kitu kinachotoka kwenye bunduki. Si ajabu, kwani kiini cha risasi nyingi ni madini hayo, ambayo ni mazito na laini. Juu yake huvishwa ganda la shaba ili yasiyeyuke wala kuharibika ndani ya mtutu.

Ganda likiachwa wazi kwenye ncha, risasi hujikunjua kama uyoga inapogonga nyama. Hiyo ndiyo risasi laini. Hutengeneza jeraha pana na humwangusha upesi mnyama mwenye ngozi nyembamba kama swala, pofu, chui au simba.

Ganda likifunika ncha yote, na hasa likiimarishwa kwa chuma au risasi yenyewe ikiwa ya shaba tupu, haijikunjui. Hiyo ndiyo risasi ngumu. Hupenya moja kwa moja bila kubadili umbo. Kwa ndovu hakuna badala yake. Ubongo wa ndovu umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye vishimo vingi kama sega la nyuki, ambamo risasi laini husambaratika kabla ya kufika.

Nyati yuko katikati. Ngozi yake ni nene na mbavu zake ni pana. Wawindaji wengi humpiga kwanza kwa risasi laini iliyo imara, kisha hufuatisha zile ngumu, kwa sababu nyati anayekimbia humgeuzia mwindaji makalio na risasi hulazimika kupita mwili mzima ili kufika kifuani.

Risasi za kijeshi hazilingani na hizo. Azimio la The Hague la 1899 lilikataza vitani risasi zinazojikunjua mwilini, hivyo risasi za majeshi hufunikwa kikamilifu. Lakini ni nyepesi na zina ncha kali. Ndani ya mwili mkubwa hupinduka na kupotea njia. Kwa hiyo bunduki ya kijeshi, ambayo ndiyo huwa mikononi mwa askari wa doria, ni silaha nzuri dhidi ya jangili mwenye bunduki lakini ni dhaifu mbele ya nyati anayekuja.

Teknolojia imepunguza tatizo lililomuua Grey. Mnamo 1948, Mmarekani John Nosler alianza kuuza risasi yenye ukuta wa shaba katikati. Nusu ya mbele hujikunjua huku nusu ya nyuma ikibaki nzima na kuendelea kupenya. Baadaye zikaja risasi za shaba tupu zinazojikunjua bila kuvunjika, ambazo pia haziachi vipande vya madini yenye sumu katika mzoga unaoliwa na tai.

Umbali na mvuto wa ardhi

Kama umbali mfupi ni mtihani wa uimara wa risasi, umbali mrefu ni mtihani wa mlengaji.

Risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka kwenye mtutu, sawa na jiwe lililoachiliwa kutoka mkononi. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde huanguka sentimita tano. Katika sehemu mbili za kumi huanguka sentimita 20. Katika sehemu nne za kumi huanguka takriban sentimita 80. Muda ukiongezeka maradufu, mwanguko huongezeka mara nne.

Risasi inayotoka kwa kasi ya mita 770 kwa sekunde huhitaji zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika mita 100. Ikifika mita 300 imetumia zaidi ya sehemu nne za kumi. Ndiyo maana bunduki hurekebishwa ili mtutu uelekee juu kidogo ya shabaha, na risasi ikutane na shabaha katika umbali uliochaguliwa.

Ugumu huanza mwindaji anapokosea kukadiria umbali. Akidhani mnyama yuko mita 200 ilhali yuko mita 300, risasi nzito ya mwendo wa wastani itapita chini ya moyo au itavunja mguu. Katika nyika tambarare kama ya Malili, isiyo na mti wa kulinganishia, kosa hilo ni rahisi mno. Upepo nao huisukuma risasi kando, na kadiri muda unavyokuwa mrefu ndivyo inavyosukumwa zaidi.

Kwa hiyo desturi ya wawindaji ni kumkaribia ndovu hadi mita 40 au chini yake, na nyati hadi chini ya mita 100. Kwa swala wa nyikani, mita 200 hadi 250 hukubalika kwa mlengaji stadi mwenye darubini na egemeo. Kupita hapo ni kubahatisha kwa gharama ya mnyama.

Joto pia lina sehemu yake. Baruti ya zamani ya Kiingereza ilizidisha shinikizo katika jua kali, na maganda yaliyotumika yakakwama ndani ya bunduki. Ndiyo sababu risasi kadhaa zilizoundwa kwa ajili ya Afrika na India zilipewa maganda makubwa yenye nafasi ya ziada.

Hoja ya risasi ndogo

Wapo wanaodai kwamba ukubwa wa risasi si kitu, nao humtaja Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua zaidi ya ndovu 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita saba tu.

Mfano huo ni wa kweli lakini husimuliwa nusu. Risasi ya Bell ilikuwa ngumu na ndefu, yenye uzito wa gramu 11. Ukigawanya uzito wake kwa eneo la upana wake, unapata kiwango kile kile cha risasi ya gramu 19 ya bunduki maarufu ya .375, iliyoanza kuuzwa 1912. Ndiyo maana ilipenya sana.

Zaidi ya hayo, Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo kutoka kila upande. Alilenga hapo tu, kwa utulivu, na ndovu wengi aliowakuta hawakuwa wamezoea bunduki. Risasi yake haikuacha nafasi ya kukosea hata kwa upana wa kiganja. Kwa mtu wa kawaida, kosa kama hilo ni jambo la kila siku.

Kanuni za Tanzania zinamzingatia huyo mtu wa kawaida zinapotaka bunduki isiyopungua kipenyo cha .375, yaani milimita 9.5, kwa wanyama hatari kama ndovu, nyati na simba. Risasi yake ya gramu 19 hutoka kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde, ikiwa na jouli zinazokaribia 5,800. Ile ya .458, iliyoanza 1956, hubeba gramu 32 na jouli zaidi ya 6,500, lakini mwendo wake ni wa chini na huanguka upesi. Hiyo ni silaha ya kichakani, ya kumsimamisha mnyama aliye hatua chache.

Busara ya upinde

Kabla ya bunduki kufika Ukambani, wawindaji wa jamii ya Akamba walikuwa wamelitatua swali hili kwa njia yao. Upinde haukuwa na nguvu ya kuvunja mfupa wa nyati, wala haukuhitajika kufanya hivyo. Mshale ulipakwa sumu iliyochemshwa kutoka mti uitwao kivai, ambayo husimamisha moyo. Kazi ya mshale ilikuwa kupita ngozi na kufikisha sumu kwenye damu.

Hata hivyo, mshale huanguka upesi kuliko risasi. Hivyo mwindaji alilazimika kunyata dhidi ya upepo hadi awe karibu kabisa, na asiachilie uzi mpaka awe na hakika. Tena sumu iliyokauka au iliyozeeka haikutegemewa, na wenye ujuzi waliifunika kwa ngozi ili isipoteze makali.

Kwa maana hiyo, mwindaji wa upinde alichagua silaha kwa kuangalia mnyama na umbali, wala hakutarajia silaha moja imtoshe kwa kila jambo.

Funzo hilo ndilo linalowahusu wanaoitwa leo kumkabili nyati katika shamba la mahindi. Kikosi kinachotumwa kikiwa na bunduki ya doria pekee kinaweza kumpiga nyati mara nyingi na bado akatokomea vichakani. Kinachotumwa na bunduki ya .375 au .458, risasi ngumu, na mtu aliyefunzwa kusubiri hadi mita 30, kina nafasi nzuri ya kuimaliza kazi hapo hapo.

Gharama ya risasi kubwa chache na siku kadhaa za mafunzo ni ndogo ikilinganishwa na Sh5 milioni za fidia. Na kwa mwanakijiji ambaye kesho yake atapita njia ile ile kwenda mtoni, tofauti kati ya nyati aliyekufa na nyati aliyejeruhiwa haihesabiki kwa pesa.